Gari la Familia kwa Kipato cha Askari: Hati Kwanza, Rangi Mwisho

Penye mpaka pana bei mbili. Mkazi wa Kwapa, gombolola la wilaya ya Tororo linalopakana na Kenya, hana haja ya kufundishwa jambo hilo. Tangu utotoni hujua kwamba sukari na sabuni huwa na bei moja upande wa Uganda na bei nyingine ng'ambo, na kwamba bei hizo hubadilishana zamu kadiri fedha za nchi mbili zinavyopanda na kushuka. Katika miaka ya 1970 wazee wake waliona kahawa ikivushwa usiku kwa magendo, kwa kuwa upande wa pili ililipwa vizuri zaidi. Leo kitu kinachowatoa watu macho si gunia la kahawa. Ni gari lililotumika.

Haja ya gari haina ubishi. Ni eneo hili la mpakani lililoipa Afrika Mashariki jina la boda boda. Waendesha baiskeli wa Busia walikuwa wakiwavusha wasafiri katika ile nafasi iliyo kati ya kituo cha forodha cha nchi moja na cha nchi nyingine, wakiita abiria kwa kutamka mara mbili neno la Kiingereza la mpaka. Baiskeli zimegeuka pikipiki, na si ajabu kuona baba, mama na watoto watatu juu ya kiti kimoja, mchanga akiwa amebanwa katikati na mvua ikiwanyeshea wote. Mzazi wa namna hiyo anapotafuta gari hatafuti fahari. Anatafuta paa, milango minne na mikanda ya viti.

Lakini haja kubwa ni mshauri mbaya. Mwenye haja huharakisha, na mwenye haraka ndiye anayengojewa na dalali.

KOPLO NA GARI LINALONG'AA

Chukua mfano wa koplo mmoja wa jeshi, mwenyeji wa Kwapa, aliyerejea kutoka Somalia, ambako Uganda ilianza kupeleka majeshi yake mwezi Machi 2007. Amejiwekea posho yake bila kuifuja. Mkewe ni muuguzi katika kituo cha afya, nao wana watoto watatu. Akiba yao ni shilingi za Uganda milioni 8. Wamekubaliana kwamba koplo akope milioni 8 nyingine katika chama cha kuweka na kukopa cha wanajeshi, azirejeshe kwa makato ya mshahara kwa miaka 3. Kwa hiyo mfuko wote ni milioni 16, na nusu yake si yao bado.

Siku ya mapumziko koplo anaonyeshwa gari aina ya Toyota Wish, lenye viti saba na namba za Kenya, limeng'arishwa hadi mtu anajiona usoni. Bei yake ni milioni 9 tu. Magari ya namna hiyo yenye namba za Uganda yanadaiwa fedha nyingi zaidi.

"Afande, hili lilikuwa la daktari wa Eldoret," dalali anasema. "Halijui vumbi. Leo liko hapa, kesho utalisikia kwa wenzako."

Koplo anazunguka, anafungua mlango, anakaa. Mkono tayari unaelekea mfukoni kutoa malipo ya kwanza. Ndipo mkewe anapouliza swali moja tu.

"Baba watoto, kabla hujatoa hata senti, muulize limetengenezwa mwaka gani."

Dalali anacheka. "Mama, gari haliulizwi umri kama bibi harusi."

Mama hacheki. Linafunguliwa boneti, inasomwa namba ya chesisi, na baada ya kuulizia inajulikana kwamba gari lilitengenezwa mwaka 2005. Swali hilo moja limewaokolea milioni 9, kwa sababu zifuatazo.

UMRI MBELE YA SHERIA

Uganda ilirekebisha sheria yake ya usafiri na usalama barabarani mwaka 2018. Tangu wakati huo hairuhusiwi kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Magari yaliyokwisha kusajiliwa Uganda kabla ya hapo yanaendelea kutumika, hata yakiwa na miaka 25. Katazo ni la kuingiza, si la kuendesha. Kwa hiyo Corolla kuukuu yenye namba halali za Uganda ni mali. Na Wish ya umri huohuo yenye namba za Kenya, kwa mkazi wa Kwapa, si mali bali ni mgeni. Huingia kwa kibali cha muda tu, na muda wa kibali ukiisha ni lazima irudi ilikotoka. Haiwezi kupewa namba za Uganda. Bei yake ni ndogo kwa sababu kinachouzwa ni matumizi ya wizi, na atakayeadhibiwa siku ya ukaguzi ni yule aliyeshika usukani.

Kwa anayetoka Uganda kwenda Kenya, mlango ni mwembamba zaidi. Kenya haipokei gari lililotumika ikiwa umri wake umepita miaka 8. Askari polisi wa Busia ya Kenya anayeona gari la bei nafuu upande wa Uganda na aanze kwa hesabu hiyohiyo. Tanzania nayo hutoza ushuru wa ziada magari yaliyozeeka, na Uganda pia ina tozo la mazingira kwa magari yaliyotumika. Hata gari linaloruhusiwa kuvuka, basi, bei yake ya mpakani si bei yake ya mwisho. Mnunuzi na aende forodhani yeye mwenyewe, ahesabiwe ushuru wote kwa maandishi, ndipo alinganishe.

Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018, na sasa maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja. Anayetaka kuuliza hana visingizio vya umbali. Anayekwepa kuuliza aghalabu ameshahisi jibu.

MAGARI HAYA HUTOKA WAPI

Watu wazima wanakumbuka enzi ya Peugeot. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mara nne, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Na 504 ikafuata mwaka 1975 na 1978. Gari lililohimili matope ya Safari liliaminiwa na kila mtu, na kwa miaka mingi Peugeot zenye mkia mrefu zilisomba abiria kati ya Nairobi na miji ya magharibi ya Kenya. Siku hizo mnunuzi wa gari kuukuu aliweza kumfahamu mwenye gari wa kwanza, wa pili na fundi wao.

Tangu miaka ya 1990, masharti ya kuingiza bidhaa yalipolegezwa, magari mengi ya kibinafsi hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na usukani wao uko kulia. Sheria yao hulazimisha gari jipya la kibinafsi likaguliwe baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama nzito. Wengi huona heri kuuza. Gari hupandishwa melini, hushushwa Mombasa, kisha husafiri zaidi ya kilomita 900 kufika Malaba.

Fundisho ni kwamba gari lililotoka Japani mwaka huu na gari lililokwisha kutumika miaka 10 katika barabara za murami ni vitu viwili, hata yakiwa ya mwaka mmoja na rangi moja. La kwanza huja na karatasi ya mnada inayotaja hali yake. Mnunuzi na aiombe karatasi hiyo na aisome. Herufi R mahali pa alama maana yake ni kwamba gari liliwahi kugongwa au kuumia, likatengenezwa. La pili halina karatasi ya namna hiyo. Historia yake imeandikwa katika chuma, na inabidi isomwe huko.

HESABU YA NYUMBANI

Kosa la kwanza la familia nyingi ni kununua gari kwa fedha zote. Siku ya pili gari linadai betri, ya tatu linadai bima, nayo nyumba imebaki na shilingi za nauli. Kanuni nzuri ni kugawa mfuko katika mafungu matano. Manne yanunue gari, la tano lisiguswe.

Kwa koplo wetu, fungu moja la tano la milioni 16 ni milioni 3 na laki 2. Basi bei ya juu kabisa ya gari ni milioni 12 na laki 8. Fedha zilizobaki ni za kuhamisha umiliki, bima ya lazima, oili na vichujio, mkanda wa injini ikiwa gari lina mkanda, na matairi. Anayemwambia mkewe, "Hizi nyingine tutazipata mbele ya safari," amekwisha kuamua kwamba zitatoka katika karo ya watoto.

Kisha ihesabiwe petroli. Tuseme familia itasafiri kilomita 1,000 kwa mwezi. Gari dogo la sisi 1500 lililo zima, likienda kilomita 12 kwa lita, litataka lita 83 hivi. Gari kubwa linalokwenda kilomita 8 kwa lita litataka lita 125. Tofauti ni lita 42 kila mwezi. Katika miaka 3 ya kulipa mkopo, ni zaidi ya lita 1,500. Kila familia na izidishe hesabu hiyo kwa bei ya petroli ya wiki yake, ndipo iseme kama viti viwili vya ziada vinastahili.

Jambo la tatu ni uhamisho. Askari hana mji wa kudumu. Leo yuko Tororo, mwakani yuko Moroto au Kisoro, na huenda familia ikabaki nyuma. Gari la askari lazima liwe lile ambalo fundi wa kawaida katika mji wowote amekwisha kulifungua mara mia. Na lazima liwe gari ambalo mke anaweza kuliendesha na kulisimamia peke yake miezi 12 mfululizo mumewe akiwa kazini mbali. Kwa hiyo mke si wa kushuhudia ununuzi. Ni mnunuzi mwenzi.

AINA YA KUCHAGUA

Kwa sababu hizo Toyota Corolla imekaa juu katika orodha ya familia za kipato cha wastani. Zile za miaka ya 1990, zijulikanazo kwa mafundi kwa namba AE100 na AE110, mara nyingi zina injini za sisi 1500 au 1600 zinazotumia mkanda. Mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Muuzaji asipoweza kuonyesha ulibadilishwa lini, mnunuzi na ahesabu kwamba haukubadilishwa. Zile zilizoanza kutoka mwaka 2000, hasa NZE121, zina injini ya 1NZ ya sisi 1500 inayotumia mnyororo badala ya mkanda. Mnyororo hudumu, ila hupenda oili safi. Injini ikilia kama njuga inapowashwa asubuhi, mnyororo unalalamika.

Toyota Probox, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2002, haina sura ya kuvutia, lakini ilibuniwa kwa ajili ya kubeba mizigo ya kazi, nayo huvumilia murami. Familia yenye shamba itapata ndani yake nafasi ya mahindi na ya watoto. Ubaya wake ni kwamba nyingi zilizoko mpakani zimekwisha kutumikishwa kama teksi kupita kiasi. Anayeitaka na aikague mara mbili.

Gari la viti saba kama Wish au Ipsum lina faida kwa familia kubwa, lakini uvungu wake uko chini, na njia za vijijini wakati wa mvua za masika hazisamehi uvungu. Tena pawepo tahadhari kuhusu injini za petroli zenye maandishi D-4. Hizi hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa nguvu kubwa, na hazipatani na mafuta machafu. Mahali ambapo petroli huuzwa kwa vidumu kandokando ya njia, pengine ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa, injini ya namna hiyo haitazeeka kwa amani. Hata Corolla ivumiliayo isinyweshwe petroli ya vidumu.

ASUBUHI YA UKAGUZI

Gari likaguliwe asubuhi, mchana kweupe, kavu, likiwa limelala baridi. Mnunuzi aguse boneti kabla ya salamu kuisha. Ikiwa ni ya moto, muuzaji ameiwasha mapema, huenda ili kuficha ugonjwa wa kuwaka. Na afike na fundi wake mwenyewe aliyemlipa mwenyewe. Fundi aliyeletwa na muuzaji ni shahidi wa muuzaji.

Injini ikiwa bado baridi, kifunguliwe kifuniko cha oili. Utando mweupe kama maziwa chini yake ni dalili kwamba maji yameingia katika oili. Kifunguliwe kifuniko cha rejeta, kitazamwe kama maji yana mafuta au kutu. Kwenye gari la otomatiki uvutwe ufito wa kupimia oili ya gia kama upo. Oili nyekundu na safi ni njema, na oili ya kahawia yenye harufu ya kuungua ni gharama.

Kisha gari liwashwe, mtu mmoja akiwa nyuma. Moshi wa samawati maana yake injini inakula oili. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto unaonya kwamba maji yanaingia katika silinda. Moshi mweusi ni petroli inayopotea bure. Ufunguo unapozungushwa hadi mahali pa ON, kabla injini haijawashwa, taa za tahadhari kwenye dashibodi, ile ya injini na ile ya mifuko ya hewa, lazima ziwake, kisha zizimike baada ya injini kuwaka. Taa isiyowaka kabisa haina maana ya gari zima. Huenda kuna mtu aliyeing'oa. Mafundi wengi siku hizi wana kifaa kidogo cha kusomea makosa yaliyohifadhiwa katika kompyuta ya gari, nacho ni nafuu kuliko majuto.

Bodi nayo huzungumza. Nafasi kati ya milango na bodi iwe sawa pande zote. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ishikwe juu ya bati. Mahali inapokataa kunata pana lipu ya kuziba bonde. Mkanda wa kiti uvutwe hadi mwisho wake. Matope makavu huko ndani ni alama ya gari lililowahi kuzama. Mita ikisema kilomita 70,000 huku raba ya pedali ya breki imelika hadi chuma, aaminiwe pedali. Mita hurudishwa nyuma, pedali hairudishwi.

Matairi yana tarehe. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini limekauka kwa umri hupasuka katika mwendo, tena likiwa limebeba familia nzima. Na tairi lililolika upande mmoja linasema kwamba miguu ya gari imepinda.

Mwisho, gari liendeshwe, tena katika lami na katika murami pia. Usukani usivute upande. Breki zikamate bila gari kuyumba. Usukani ukikatwa hadi mwisho na gari likienda polepole, mlio wa tak-tak-tak magurudumu ya mbele ni wa jointi zilizochoka. Gia za otomatiki zisisite wala zisigonge. Muuzaji anayeruhusu kuzunguka uwanjani tu, hataki yajulikane yaliyo nje ya uwanja.

HATI

Gari zima lenye hati mbovu ni bovu kuliko gari bovu lenye hati nzima. Chuma hutengenezwa gereji, lakini umiliki hautengenezwi huko. Mnunuzi aishike logibuku halisi, si picha yake katika simu. Namba ya chesisi iliyogongwa katika chuma isomwe tarakimu kwa tarakimu na ilinganishwe na ile ya logibuku. Vivyo hivyo namba ya injini. Palipo na alama za tupa au rangi mpya juu ya namba, mazungumzo yaishe hapo.

Jina katika logibuku liwe la mtu aliyesimama mbele, mwenye kitambulisho chake. Dalali anayesema mwenyewe yuko Dubai na amemwachia gari hajauza chochote mpaka mwenyewe aonekane. Uganda, daftari la magari lilikuwa chini ya Mamlaka ya Mapato. Sasa liko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, na huko huulizwa kama gari limewekwa rehani kwa mkopo. Ofisi ya Interpol katika polisi ya Uganda hukagua kama gari limeripotiwa kuibwa. Kenya, mwenye kuuliza hutumia mtandao wa serikali, na msajili ni mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, iliyoundwa mwaka 2012. Askari wa polisi, ambaye kesho huenda yeye ndiye atakayesimamisha magari ya wengine, asingoje kuaibika kwa kupanda gari la wizi.

Fedha zipitie benki. Mkataba uandikwe, utiwe sahihi na mashahidi, mbele ya wakili au mwenyekiti wa mtaa. Na umiliki uhamishwe mara moja. Wako wengi wanaoendesha kwa miaka magari yaliyo kwa majina ya watu wengine ili kuokoa ada. Siku muuzaji akifariki, au akidaiwa na benki, au gari likigonga mtu, ndipo huonekana kwamba kilichookolewa kilikuwa kidogo. Kwa familia ya askari jambo hili ni zito maradufu, kwa kuwa kazi yake ina hatari, na mjane asiye na hati hushindana na ukoo mzima juu ya gari lililokatwa katika mshahara wa marehemu.

GARI LISILO NA FAHARI

Koplo na mkewe waliiacha ile Wish ikiendelea kung'aa. Walitazama magari matatu katika wiki tano. Corolla ya kwanza, tarakimu moja ya chesisi haikulingana na logibuku. Probox ya pili ilitoa moshi wa samawati. Ya tatu ilikuwa Corolla ya mwaka 2003, yenye namba za Uganda tangu zamani, rangi ya kijivu, mlango mmoja umekwaruzwa. Mwenyewe alitaka milioni 13 na laki 2. Injini ilikuwa kavu, gia laini, hati safi. Lakini matairi yote manne yalikuwa yamezeeka. Mama alimsomea muuzaji tarakimu za ubavuni, moja baada ya nyingine. Waliafikiana milioni 12 na nusu, na siku hiyohiyo wakatia sahihi fomu za kuhamisha umiliki. Tairi mpya zilitoka katika fungu la tano, lile ambalo halikuguswa.

Mtoto wa mwisho alipoliona alinung'unika. "Baba, mbona si jekundu?"

"Jekundu lilikuwapo," baba yake akajibu. "Halikuwa na kwao."

Ununuzi wa namna hii hauna kishindo. Hauleti watu kusimama njiani. Lakini Jumapili mvua ikinyesha, familia nzima hufika kanisani ikiwa kavu. Na mtoto akishikwa na homa usiku, hospitali ya Tororo haiko mbali tena. Hilo ndilo lililonunuliwa.

Basi kila mwenye kuvaa magwanda, na kila mke au mume anayemngoja nyumbani, na akumbuke jambo moja kabla hajatia mkono mfukoni. Gari hufa, mkopo haufi. Makato yatakuja kila mwisho wa mwezi, gari liwe linatembea au limewekwa juu ya mawe nyuma ya nyumba. Anayeanza kwa kusoma mwaka, namba na jina katika hati, kisha akasikiliza injini ikiwa baridi, na akaitazama rangi mwisho wa yote, amejipa nafasi nzuri ya kulipa deni la kitu kilicho hai.